Uamuzi wa Mashine na Jina la Kiongozi: Akili Unde katika Taasisi za Meru na Embu

Akili unde haingii ofisini kwa azimio la bodi. Huingia karani anapoandika barua ya madai kwa ChatGPT kwenye simu yake mwenyewe, afisa wa kilimo anapopiga picha jani la mhogo lenye madoadoa ili programu imtajie ugonjwa, au kampuni iliyouza mfumo wa hesabu inapotuma toleo jipya ambalo, pasipo kuombwa, limeanza kuwapanga wakopaji kwa alama. Bodi inapokaa kujadili kama taasisi ianze kutumia teknolojia hii, mara nyingi huwa imeshatumika kwa miezi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi ni kujua yaliyopo: shughuli zipi tayari zinafanywa kwa akili unde, nani anazifanya, na nani atajibu mambo yakiharibika.

Kazi hiyo ina uzito wa pekee katika kaunti za Meru na Embu kwa sababu ya aina ya taasisi zilizoko huko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu, na wengi wao wanategemea shamba dogo. Riziki yao hupitia vyombo vya pamoja: viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, kama Githongo, Imenti na Michimikuru upande wa Meru, Mungania na Rukuriri upande wa Embu, vyama vya ushirika vya kahawa, Sacco (vyama vya akiba na mikopo) za walimu, wakulima na wafanyabiashara, hospitali za rufaa za kaunti hizo mbili, serikali za kaunti, na vyuo vikuu, kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru na kile cha Embu. Anayeongoza chombo cha namna hiyo haongozi mali yake. Mwanachama aliyenyimwa mkopo ni mwenye hisa, mzazi wa mtoto aliyekosa basari ni mpiga kura, na wote wawili watakutana na mwenyekiti kanisani Jumapili au sokoni Gakoromone.

Teknolojia inayoitwa kwa jina moja la akili unde ina jamii mbili ambazo kiongozi hana budi kuzitenganisha, maana makosa yake hayafanani. Ya kwanza hukadiria. Hupewa rekodi za zamani, kwa mfano maelfu ya mikopo pamoja na habari za waliolipa na walioshindwa, ikatafuta mambo yanayoandamana na kulipa, kisha ikampa mwombaji mpya alama. Ya pili hutunga. Imepitishwa katika maandishi mengi mno ya intaneti na vitabu, na kazi yake ni kubashiri neno linalofaa kufuata jingine. Hapo ndipo hutoka barua, muhtasari, tafsiri na majibu ya maswali. Ile inayokadiria hukosea kimyakimya, kwani alama haina uso wala sauti ya kumtia mtu shaka. Inayotunga hukosea kwa ufasaha.

Ufasaha huo umeshawaponza wataalamu. Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT. Februari 2024 baraza la kuamua migogoro la British Columbia, Kanada, liliamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na roboti ya mazungumzo kuhusu nauli ya safari ya msiba. Shirika hilo lilijitetea kwamba roboti ilikuwa kitu kinachojitegemea na chenye kuwajibika kwa matendo yake. Hoja hiyo haikupita. Mwaka 2025 Deloitte ilikubali kuirudishia serikali ya Australia sehemu ya malipo ya ripoti iliyokutwa na marejeo yasiyokuwapo. Hakuna kati ya hao aliyekosa elimu, wala fedha za kuwalipa wahakiki. Walichokosa ni mtu aliyepewa kazi ya kusoma na kuthibitisha kabla ya sahihi kutiwa. Mpango wa maendeleo wa kaunti ulioandaliwa kwa njia hiyohiyo unaweza kutaja idadi ya visima vya wadi ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu, na ukapita mbele ya bunge la kaunti kwa sababu tu umeandikwa vizuri.

Kwa jamii hii ya pili, kipimo cha kiongozi ni rahisi kukieleza ingawa kukifuata kunahitaji nidhamu: itumike pale ambapo kosa huonekana upesi na hasara yake ni ndogo. Rasimu ya kumbukumbu za mkutano inafaa, kwa kuwa katibu aliyekuwa ukumbini ataona kilichoongezwa. Kufupisha waraka mrefu kutoka Nairobi kunafaa, mradi waraka wenyewe uambatishwe. Kumjibu mwanachama anayeuliza salio lake, au mgonjwa anayeuliza kipimo cha dawa, hakufai bila mtu katikati, kwa maana anayeuliza ndiye asiye na njia ya kulitambua kosa.

Jamii ya kwanza inahitaji maelezo marefu zaidi, na mahali pazuri pa kuichunguza ni dawati la mikopo. Mikopo ya mashine si ngeni Kenya. M-PESA ilianza Machi 2007. Novemba 2012 ikaja M-Shwari ya Safaricom na benki ya CBA, iliyompa mtu kikomo cha mkopo kutokana na jinsi anavyotumia simu na pesa zake, bila mdhamini wala fomu. Apollo Agriculture nayo imekuwa ikiwakopesha wakulima wadogo pembejeo kwa kutumia picha za setilaiti na modeli za kompyuta. Sacco za Meru na Embu zinashindana na simu hizo. Mwanachama anayeweza kupata shilingi elfu kadhaa akiwa bado shambani hana subira ya kungoja siku ya kamati, na ndiyo maana muuzaji wa mfumo wa alama hupata sikio la meneja upesi.

Lakini alama hutoka katika rekodi, na rekodi za eneo hili zina walioziandika na walioachwa nje. Hatimiliki nyingi za ardhi ziko kwa jina la mume, au hata la baba yake aliyefariki bila mirathi kuendeshwa. Nambari ya mkulima katika kiwanda cha chai hufuata shamba, na malipo ya kila mwezi pamoja na bonasi huingia katika akaunti ya mwenye nambari. Anayedamkia majani na kuyabeba hadi kituo cha kununulia mara nyingi ni mke. Modeli iliyofunzwa kwa rekodi hizo humwona mwanamke huyo kama mtu asiye na kipato, asiye na dhamana, aliyekopa kidogo na mara chache. Hakuna aliyeiagiza imbague. Na kufuta swali la jinsia katika fomu hakusaidii sana, kwa kuwa ukosefu wa hatimiliki na udogo wa akaunti hubeba habari ileile kwa mlango mwingine.

Kasoro ya pili ya rekodi hizo inaonekana katika miraa. Wilaya za zamani za Igembe na Tigania zimeishi kwa zao ambalo bei yake huamuliwa na serikali za mbali. Uholanzi ililipiga marufuku Januari 2013, Uingereza Juni 2014. Somalia, soko lililobaki kuwa kubwa kuliko yote, ilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Julai 2022. Muguka, aina ya miraa inayolimwa Mbeere upande wa Embu, nao uliguswa Mei 2024, kaunti za Pwani zilipoanza kuupiga marufuku na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Modeli iliyojifunza kwa amana za mwaka 2012 ingemwona mkulima wa Maua, Igembe, kuwa mkopaji bora mwezi uleule soko lake lilipokuwa linafungwa. Upande wa pili wa kosa hilo ni mbaya vilevile: mkulima aliyechelewesha malipo kati ya 2020 na 2022 bado anabeba katika alama yake adhabu ya miaka ambayo ndege za mzigo hazikuruka, hali shamba lake halikupungua hata mti mmoja. Kamati ya mikopo iliyoketi Maua ingeyajua haya yote siku ya kwanza. Mashine haijui mpaka iambiwe, na kwa kawaida hakuna aliyepewa kazi ya kuiambia.

Haki inadai kamati nayo isemwe. Kamati za mikopo zina kujuana kwake. Zinakumbuka deni la baba wakati wa kumpima mtoto, humhurumia jirani, humshuku kijana wa boda boda kwa sababu ya kazi yake tu. Pengine matumizi bora kabisa ya modeli ya kukadiria katika Sacco ni kuikagua kamati yenyewe: kupitisha faili za miaka mitano iliyopita na kutazama ni akina nani waliokataliwa ilhali wanafanana kwa kila hali na waliokubaliwa wakalipa. Kazi hiyo haimnyimi mtu mkopo na haimpi, na inawafundisha wenye kuamua. Wauzaji hawaipigii debe kwa kuwa haipunguzi mishahara.

Tatizo la kumhukumu mtu mmoja kwa takwimu za wengi halikuanza na akili unde. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianzisha bima ya mazao, na Embu ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kwa mahindi, pamoja na Bungoma na Nakuru. Bima hiyo haikukagua shamba la kila mtu. Eneo liligawanywa vipande, wastani wa mavuno ya kipande ukapimwa, na wastani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila aliyekata bima alilipwa. Kuna sababu njema ya kufanya hivyo, kwa kuwa kumtembelea kila mwenye ekari moja kungemaliza fedha za bima yenyewe. Ila Embu ni kaunti ambayo mtu huteremka kutoka miteremko ya chai ya Mlima Kenya hadi ukame wa Mbeere kwa safari fupi ya matatu. Kipande kikichorwa vibaya, aliyepoteza mahindi yote hukaa ndani ya wastani mzuri wa wenzake na hapati kitu. Yule anayechora mipaka ya vipande, mara nyingi mtaalamu asiyejulikana na mtu, ana mamlaka makubwa kuliko afisa anayetia sahihi hundi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa afya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, chini ya sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023, kaya isiyo na mshahara rasmi hutozwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Makadirio hutoka katika maswali juu ya nyumba, maji, mifugo na mengineyo, na fomula ndiyo inayogeuza majibu kuwa shilingi. Malalamiko yalizuka nchi nzima kutoka kwa watu waliosema wamekadiriwa zaidi ya uwezo wao. Mkulima wa kahawa ambaye nyumba yake ya mawe ilijengwa zamani kwa malipo ya mwaka mmoja mzuri anaweza kuonekana tajiri kwa fomula inayotazama ukuta. Fomula kama hiyo inaweza kuwa sahihi kwa wastani wa taifa na ikawa dhuluma kwa kaya elfu moja za kata moja, na njia pekee ya kulijua hilo ni kuwa na dirisha la malalamiko linalofanya kazi kweli, lenye mtu mwenye uwezo wa kubadilisha tarakimu.

Sheria ya Kenya imelitambua hitaji hilo mapema kuliko viongozi wengi wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyotokana na haki ya faragha ya kifungu cha 31 cha Katiba, inasema katika sehemu ya 35 kwamba mtu ana haki ya kutofungwa na uamuzi uliotolewa na mashine peke yake ikiwa uamuzi huo una athari za kisheria kwake au unamgusa kwa uzito. Pale ambapo uamuzi wa namna hiyo umetolewa, taasisi sharti imjulishe kwa maandishi, naye anaweza kudai ufikiriwe upya au utolewe mwingine ambao haukutegemea mashine pekee. Sehemu ya 31 inadai tathmini ya athari kabla ya kuanza uchakataji unaoweza kuhatarisha haki za watu. Faini ya juu ni shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo zaidi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alionyesha kwamba vifungu hivi si mapambo: shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mkopeshaji mmoja wa kidijitali akatozwa shilingi 2,975,000. Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030, uliozinduliwa Machi 2025, umeongeza mwelekeo wa kisera, lakini anayetaka kujua anachoweza kushtakiwa nacho leo asome sheria ya 2019.

Kuna ushahidi, tena wa nyumbani, kwamba zana hizi zikiongozwa vizuri zinasaidia. Mwaka 2025 Penda Health, inayoendesha kliniki za bei nafuu Nairobi na viunga vyake, ilichapisha pamoja na OpenAI, kampuni ya ChatGPT, matokeo ya kutumia programu inayosoma maandishi ya afisa tabibu wakati anamhudumia mgonjwa na kumwonya pale inapoona hatari. Mahudhurio 39,849 katika kliniki 15 yalichunguzwa. Kwa maafisa waliokuwa na programu hiyo makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13, yakilinganishwa na ya wenzao wasiokuwa nayo. Msomaji makini atakumbuka kwamba mwenye zana alikuwa mmoja wa wachunguzi, na kwamba tofauti katika hali ya wagonjwa baadaye haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu.

Jambo la kujifunza kwa kiongozi limo katika jinsi ilivyofanyika. Programu haikuamua chochote. Ilionyesha kijani mambo yakiwa sawa, manjano palipokuwa na ushauri, nyekundu palipokuwa na hatari, na kalamu ikabaki mkononi mwa afisa. Mwanzoni maafisa walipuuza. Sehemu kubwa ya mahudhurio ilimalizika rangi ikiwa bado nyekundu, karibu sawa na kwa wasiokuwa na programu. Ndipo uongozi ulipoweka wenzao wa kuwafundisha kliniki kwa kliniki, ukaanza kupima nani anayashughulikia maonyo, na ukapunguza maonyo yasiyo na maana. Tofauti ilianza kuonekana baada ya hapo. Zana ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni usimamizi.

Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, inathibitisha jambo hilohilo shambani. Hutambua magonjwa ya mhogo kwa kamera ya simu na hufanya kazi bila intaneti, sifa ambayo mtu wa Mbeere hahitaji kuelezwa faida yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba ikipigiwa picha jani moja hupatia kwa asilimia 65. Maafisa wa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Yakipigwa majani sita ya mmea uleule, usahihi hupanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kwa hiyo mkurugenzi wa kilimo anayewapa maafisa wake programu hii bila kuandika agizo la majani sita amewapa nusu ya zana, na hitilafu hiyo si ya kompyuta.

Kinachofuata ni utaratibu wa kuanza. Taasisi inayotaka kupokea modeli ya kukadiria iiendeshe kwanza kando ya kamati kwa msimu mzima, alama zikitolewa lakini zisitumike, kisha pande zote mbili zilinganishwe na kilichotokea. Ulinganisho usiishie kwenye jumla. Mfumo unaopatia mara tisa kwa kumi unaweza kuwa unakosea karibu kila mara kwa wajane, au kwa wanachama wa Tharaka wanaouza ndengu mara moja kwa mwaka na kukaa miezi bila kuweka akiba. Makosa yahesabiwe kwa makundi: wanawake na wanaume, ukanda wa chai na ukanda wa ukame, wenye mshahara na wa biashara ya kila siku. Hesabu hii haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Wanafunzi wa takwimu na kompyuta wa Nchiru na wa Chuo Kikuu cha Embu wanaweza kuifanya chini ya wahadhiri wao, na ni ajabu jinsi taasisi zinavyotafuta washauri Nairobi zikivuka lango la chuo njiani.

Mkataba nao usomwe na mwanasheria wa taasisi. Data za wanachama ni za nani mkataba ukiisha? Zinahifadhiwa nchi gani, na je, muuzaji anaruhusiwa kuzitumia kufunzia mifumo ya wateja wengine? Je, anaweza kueleza kwa maneno ya kawaida kwa nini mtu fulani alipata alama fulani? Muuzaji anayejibu swali la mwisho kwamba hiyo ni siri ya kampuni ameshajibu pia kama taasisi itaweza kutii sehemu ya 35. Malipo mengi ya huduma hizi ni kwa dola, na bajeti ya chama cha kahawa inayopangwa kwa shilingi kabla ya bei ya mnada kujulikana inaweza kuyumba kwa sababu hiyo tu.

Ndani ya ofisi, kanuni fupi iliyoandikwa hufaa kuliko sera ya kurasa arobaini ambayo hakuna atakayeifungua. Majina, nambari za vitambulisho, rekodi za wagonjwa na taarifa za mikopo zisibandikwe katika programu za bure za mazungumzo. Maandishi yaliyosaidiwa na mashine yatajwe kuwa hivyo na yatiwe sahihi na mtu aliyeyasoma. Wafanyakazi wasifichwe makusudio. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho katika ghasia za watu walioona ajira zao zinakwenda, na viwanda vya milima ya Meru na Embu, ambako chai ni ya wakulima wadogo, havina haja ya kungoja somo hilo livifikie. Makarani wakijua mapema kazi zipi zitabadilika na wao watahamishiwa wapi, ndio watakaokuwa wa kwanza kuripoti mfumo unapopotoka. Wakishuku kwamba kila kosa wanaloripoti linauboresha mtambo utakaowaondoa, watanyamaza, na kunyamaza huko ni haki yao.

Lugha ni suala la pembeni kwa wauzaji, si kwa wanachama. Mifumo mikubwa hukimudu Kiingereza, hukijua Kiswahili kwa kiasi, na imekutana na maandishi machache sana ya Kimeru, Kiembu na Kimbeere. Kimeru chenyewe si kimoja. Wa Igembe na wa Imenti husikia tofauti zao. Huduma ya simu inayojibiwa na roboti itamfaa mwalimu wa Nkubu na kumwacha mama mzee wa Mutuati akibonyeza vitufe. Mpaka hali ibadilike, dawati lenye mtu anayezungumza lugha ya mahali libaki, na gharama yake ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mfumo mpya.

Lililobaki ni suala la kutoa sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba humpa mtu aliyeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi, na hili halikuwa geni kwa jamii za mlima. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye makao yake Nchiru hiyohiyo, lina kasoro zake, mojawapo ikiwa kwamba limekuwa baraza la wanaume. Hata hivyo aliyeshindwa shauri mbele yake aliwajua waliomhukumu na alisikia walichokiegemea. Mwanachama anayeambiwa kwamba mfumo umekataa hajaambiwa sababu, na afisa anayetoa jibu hilo amejivua kazi aliyoajiriwa kuifanya. Jibu linalotosha hutaja jambo, kwa mfano akiba iliyokatika kwa miezi minne, hutaja mtu wa kumwendea, na huonyesha jinsi ya kupinga.

Kwa hiyo kila mfumo unaogusa mkopo, malipo, matibabu, basari au ajira uwe na afisa mmoja aliyetajwa katika kumbukumbu za bodi, mwenye mamlaka ya kuubatilisha uamuzi wa mfumo na wajibu wa kueleza mbele ya mkutano mkuu wa mwaka ni mara ngapi ameubatilisha na kwa nini. Taasisi isiyoweza kumtaja afisa huyo haijawa tayari kuutumia mfumo huo kwa wanachama wake.